Mpira Usimfikie Mulongo

Kuna dawa ya kuulia vijidudu ambayo hugeuka nyeupe kama maziwa inapomiminwa majini. Harufu yake sijaizoea hata baada ya maisha marefu kiasi hiki. Wakati wa maradhi yale ya juzi yaliyoifunga dunia nzima, shule zilipofunguliwa tena, mjukuu wangu alinialika nikamtazame akicheza kandanda. Nilikwenda na barakoa yangu usoni, nikaketi nilipoelekezwa, mbali na wazee wenzangu. Kabla ya mchezo kuanza, mwalimu mmoja kijana aliuchukua mpira, akaufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa, akaugeuza na kuufuta tena kwa uangalifu wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Alipomaliza, wachezaji walikusanyika katikati ya uwanja, vichwa vyao vikigusana, wakatiana moyo kwa makelele, midomo wazi. Mwalimu aliwapigia makofi. Upepo ukaniletea ile harufu. Niliinuka, nikamwambia jirani yangu kwamba mgongo unaniuma, nikarudi nyumbani kwa miguu. Mgongo wangu ulikuwa mzima kabisa.

Mimi si mtu wa kuyadharau masharti ya afya. Nimefundisha sayansi kwa muda mrefu, na sijapata kumvumilia mtu anayeniambia kwamba “watu wanasema” bila kunieleza watu hao waliona nini. Lakini naamini kwamba kila sharti lina wajibu wa kujibu swali moja: linamlinda nani, dhidi ya nini, na kwa njia gani? Swali hilo sikulitoa vitabuni. Nililitoa katika uwanja wa shule yetu ya msingi, upande wa Kabras, magharibi mwa Kenya, katika miaka ile ambayo bendera mpya ilikuwa bado haijapauka kwa jua.

Tulizaliwa wawili. Mimi nilitangulia, nikaitwa Mukhwana. Ndugu yangu akanifuata, akaitwa Mulongo, kwa kuwa kwetu mapacha huja na majina yao. Wazazi wetu walikuwa Kericho wakichuma majani chai, na sisi tulilelewa na Kukhu, nyanya yetu mzaa baba. Kwa Kukhu, pacha hakuwa mtoto kamili bila mwenzake. Tulikula obusuma, ugali wetu, katika sahani moja, tukalala chini ya blanketi moja. Mgeni akileta andazi moja, lilikatwa katikati. Akileta mawili, yalikatwa yote mawili, kila mmoja wetu akapata nusu ya hili na nusu ya lile. Hilo halikutushangaza. Tuliwashangaa watoto waliokula vitu vizima.

Uwanjani, hata hivyo, tulikuwa na kazi mbalimbali. Mulongo alikuwa mlinda lango. Alikuwa na viganja vipana, na alikuwa na tabia ya kuviweka tayari hata pasipo na mpira: akisubiri uji, akisubiri zamu ya kusoma, vidole vyake vilikuwa vimetandazwa kidogo, kana kwamba kuna kitu kinakuja. Mimi nilikuwa beki, mbele yake. Mpira wetu ulikuwa wa ngozi, wenye kamba kifuani, na tuliupaka mafuta ya ng'ombe usipasuke. Mulongo alipoudaka alikuwa akiunusa kwanza kabla ya kuurudisha, na wenzetu walimcheka kwa hilo.

Ndipo ukaja ugonjwa wa kupooza, huu ambao leo sote tunauita polio. Ulianza kwa watoto wa ng'ambo ya mto, wakafuata wengine karibu na soko. Maneno yalikuwa mengi kuliko wagonjwa. Wengine walisema walowezi waliokuwa wakiuza mashamba yao Lugari waliuacha visimani makusudi. Sikuwahi kumpata hata mmoja aliyekiona kisima chenyewe. Wengine walisema ni laana ya mtu fulani aliyenyimwa nyama. Soko lilifungwa. Kanisa halikufungwa. Na mechi yetu dhidi ya vijana wa Shinyalu haikuweza kufutwa, kwa sababu ilikuwa ya kuisherehekea bendera, na chifu alikwisha kutoa ng'ombe wa kuchinjwa.

Kwa hiyo yakatungwa masharti.

Bwana Afya alikuja kwa baiskeli, akasimama mbele yetu asubuhi karibu na mlingoti, na mwalimu mkuu akampa mpira wetu aushike. “Ugonjwa huu hauna mguu wala jicho,” alisema. “Hauonekani. Unaweza kuwa hapa hapa.” Akaupiga mpira kofi.

“Basi umeshakufa,” Mulongo alininong'oneza. “Ameupiga vizuri.”

Sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kumwamini yule bwana neno kwa neno. Nilikuwa nimeuona mpira ule ukijazwa upepo kwa pampu, na nikaelewa kwamba ugonjwa uliingia humo pamoja na upepo, ukafungiwa kwa kamba, na sasa unasubiri mikono ya mtu.

Masharti yenyewe yalikuwa haya: timu zisisalimiane kwa mikono; watazamaji wasivuke mstari wa chokaa; mpira ukitoka nje urudishwe kwa mguu, maana mchezaji haruhusiwi kuushika; kila mchezaji aje na kikombe chake cha kunywea maji. Mlinda lango peke yake angeugusa mpira kwa mikono, na nyuma ya goli lake pangewekwa beseni la dawa anawe. Yaliposomwa darasani kwa mara ya pili, Mulongo aliinua mkono.

“Mwalimu, na kidole cha Wekesa je?”

Wekesa alikuwa nahodha wetu. “Kidole changu kimefanya nini?” alidakia.

“Wewe huchotanga maji kwa ndoo na kidole ndani. Kikombe ni chako, sawa. Na kidole?”

Darasa zima lilicheka, na Wekesa akamtupia ganda la muwa. Mwalimu mkuu naye alitabasamu. “Mulongo, kazi yako ni goli. Mambo ya ndoo tuachie sisi.”

Yeye alikuwa akitania tu. Mimi nilikuwa nikiwaza jambo moja: kwamba kati ya wachezaji wote, aliyeachiwa ugonjwa aushike kwa mikono miwili alikuwa ndugu yangu.

Jioni hiyo nilimwomba Kukhu soksi za baba. Alikuwa akipepeta mahindi. Aliuliza ni za nini, nikamwambia ni za mikono ya Mulongo. Aliingia ndani akazileta. Kisha nikamwambia kwamba mwalimu anataka vikombe viwili.

“Viwili?” Aliweka ungo chini. Alisema nasi kwa lugha ya kwetu, nami namtafsiri kadiri niwezavyo. “Nani aliwazaa mara mbili? Tumbo lilikuwa moja, na kikombe ni kimoja. Nikiwagawia maji leo, kesho nitawagawia nini?”

Kikombe kilikuwa cha bati, cha rangi ya buluu, na ukingo wake ulikuwa umebanduka rangi mahali pawili, kila mmoja wetu alipozoea kuweka mdomo.

Siku ya mechi mwalimu mkuu alitupanga mstari ili kila mmoja ainue kikombe chake juu. Alipotufikia, tuliinua kimoja kwa mikono miwili, mkono wangu na wa Mulongo.

“Na nyinyi?”

“Ni chetu, Mwalimu,” nilijibu.

Alikuwa mtu wa papa hapa, na dada yake alikuwa na mapacha. Sharti alikuwa amelisoma kwa Kiingereza chake kizuri, lakini macho yaliyotutazama yalikuwa ya kwetu. “Haya,” alisema, “nyinyi ni mmoja,” akapita kwenda kwa mwingine. Hakuna aliyeona kosa. Hata mimi, kama ningeulizwa ni wangapi tuliokuwa tumesimama pale, nisingehesabu vingine.

Mvua ilikuwa imenyesha, na nyasi ziliteleza. Ng'ambo ya mstari wa chokaa ngoma za isukuti zilikuwa zimepamba moto, na wanawake walisimama bega kwa bega, wakiwa wametii kabisa: hakuna aliyeuvuka mstari. Timu mbili zilipungiana mikono kwa mbali, kisha filimbi ikalia, nasi tukavaana kama mafahali. Tulishikana mashati, tukapumuliana usoni, tukaanguka mmoja juu ya mwingine matopeni. Wekesa alipofunga goli, timu nzima ilimlalia. Mpira ulipotoka nje ya uwanja, kila mtu alikumbuka sharti, akausogeza kwa ncha ya kiatu au kidole cha mguu, taratibu, kama mtu anayeondoa kinyesi njiani.

Mimi sikuwa nikicheza. Nilikuwa nikilinda. Sijui nguvu zile nilizipata wapi. Mwili wangu ulikuwa mdogo, na washambuliaji wa Shinyalu walikuwa na ndevu za kwanza. Nilijitupa mbele ya kila mguu. Mpira mmoja niliuzuia kwa kifua, mwingine kwa uso, na damu ya pua nikaimeza. Kila nilipouondoa, nilisikia sauti nyuma yangu.

“Mukhwana! Niachie, bana!”

“Kaa hapo!”

“Mimi nimekuja hapa kufanya nini? Kuchunga goli lisitoroke?”

Vijana wa Shinyalu waliokuwa nyuma ya goli walikwisha kumwona na soksi mikononi. “Kipa, unasikia baridi?” walimwita. “Bibi harusi na soksi zake! Nani amekuoa?” Mmoja wa wapiga isukuti aliudaka utani huo akaufanya wimbo, na wanawake wakaitikia. Mulongo alizivua soksi zile, akazitupa kando ya nguzo ya goli, akainua viganja vyake vitupu watu wote wavione. Nilipoviona, niliongeza mbio.

Wakati wa mapumziko ndoo ililetwa. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wameichota kwenye kijito kilichopita chini ya shule, na maji yake yalikuwa baridi, yenye ladha ya majani. Tuliizunguka kwa vikombe vyetu kama tulivyoagizwa, kila mtu na chake, vyote vikizama na kuibuka mle mle. Wekesa alichota na kidole ndani, makusudi, akamkonyeza Mulongo. Nilichota chetu, nikanywa hadi nusu, kama ilivyokuwa zamu yangu ya aliyetangulia kuzaliwa, nikampa ndugu yangu nusu iliyobaki. Aliimaliza akitazama kando, maana alikuwa amenikasirikia.

“Kipindi cha pili uniachie hata mmoja,” alisema.

“Sawa,” nilimjibu.

Sikumwachia. Tulishinda kwa goli lile moja, na watu walinibeba mabegani. Kwa mara ya kwanza maishani mwetu nilibebwa peke yangu. Kutoka kule juu nilimwona Mulongo ameinama juu ya beseni la dawa, akinawa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu, kwa sababu mwalimu alimwambia sharti ni sharti. Ile harufu nyeupe ilitufuata hadi nyumbani. Njiani alitembea mbele yangu, akipiga teke mabunzi ya mahindi, nami nilimfuata nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena. Usiku ule niliposali na Kukhu, nilimshukuru Mungu kwa kuuzuia mpira.

Hayakupita majuma mengi. Mulongo alishikwa na homa, akalalamika shingo, kisha homa ikashuka na Kukhu akachinja ingokho, kuku wetu, kwa kushukuru. Asubuhi iliyofuata nilisimama, naye akabaki mkekani akinicheka.

“Mguu umelala,” alisema. “Uamshe.”

Niliupiga kofi. Nilimtekenya unyayo, mahali ambapo siku zote hakuweza kuvumilia. Alinitazama akisubiri kicheko kije, na kicheko hakikuja. “Amsha na ule mwingine,” alisema, na sasa hakuwa akicheka. Kukhu aliyekuwa mlangoni na kuni aliziachia zote zikaanguka.

Walimpeleka hospitalini Kakamega juu ya baiskeli, amefungwa kwa leso kwenye mgongo wa jirani yetu. Hakurudi kwa miguu, wala kwa baiskeli.

Matangani maneno yalitangulia kufika kuliko watu. Upande mmoja wa boma walisema, “Waliambiwa kila mtu na kikombe chake, mama mzee huyu akaona anajua zaidi.” Upande wa pili walisema, “Ni mwalimu. Aliwatenganisha mapacha, huyu golini, yule mbele. Mapacha hawatenganishwi.” Kukhu alisikia pande zote mbili. Alichukua kile kikombe, akakifunika juu ya nguzo ya jikoni, na hakuna aliyekinywea tena. Yeye mwenyewe alianza kunywa maji kwa kiganja. Hadi alipozeeka na kufa, sikumwona tena akishika kikombe kunywa maji.

Laiti ningekuwa na elimu yangu ya baadaye, ningesimama mbele ya wale wasemaji, nami nikiwa mtoto wa kaptura. Ningewauliza: Wekesa, ambaye mguu wake ulikauka mwaka ule ule ukawa kama fimbo, hakuwa na kikombe chake? Alikuwa nacho, na jina lake alilichora kwa msumari. Nami niliyekinywea kile cha buluu kabla ya ndugu yangu, niko wapi? Niko hapa, naandika. Ugonjwa ule huingia kwa mdomo, pamoja na maji na uchafu usioonekana. Na sisi tulilinda mpira, tukachora chokaa, tukapungiana mikono kwa mbali, kisha tukaizunguka ndoo moja. Hata hivyo sitafanya walivyofanya wao. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa ndoo ya siku ile. Maradhi hayo hukaa mwilini kabla ya kujionyesha, na kijito tulikuwa tukikinywea siku zote. Ninachosema ni hiki tu: waliotunga masharti yale hawakuwa wapumbavu, wala hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na hofu na walikuwa na mechi, wakatunga masharti ambayo yangeiacha mechi ichezwe. Sharti lililotungwa hivyo huwapa watu kitu cha kushika. Sisi wadogo ndio tuliodhani kwamba tumepewa ukweli.

Baadaye chanjo ilikuja shuleni, matone machache juu ya kipande cha sukari. Nilipopewa changu nilikiuma katikati, nikaificha nusu ngumini kama nilivyozoea. Muuguzi aliikunjua ngumi yangu kwa upole. “Kula yote,” alisema. “Hiyo ni yako peke yako.” Niliila. Sijawahi kuonja kitu kichungu kama sukari ile.

Lakini yote hayo ni ya baadaye, na ninayaeleza kwanza kwa sababu kuna dirisha ambalo bado huniwia vigumu kulikaribia. Siku moja kabla Mulongo hajafa, Kukhu alinichukua tukaenda kumwona. Hospitali nayo ilikuwa na sharti lake: mtoto haruhusiwi kuingia katika wodi ile. Mimi niliyelala naye chini ya blanketi moja tangu kuzaliwa nilisimama nje, juu ya tofali, nikashika vyuma vya dirisha. Kitanda chake kilikuwa karibu. Miguu ilikuwa imelala kabisa, na pumzi yake ilikuwa fupi kama ya mtu aliyepanda mlima, lakini mikono ilikuwa bado yake. Wodi nzima ilinuka ile dawa.

“Mukhwana,” alisema, “siku ile hukuniachia hata mmoja.”

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nikimlinda. Nilitaka kumwambia kuhusu upepo wa pampu na yule bwana wa baiskeli. Lakini alikuwa ameugua hata hivyo, nami sikujua tena nilikuwa nikimlinda na nini.

“Mechi ijayo nitakuachia,” nilisema.

“Kweli?”

“Kweli. Nitausogelea, halafu nitaupisha. Utakuja kwako wote.”

Kisha akaitoa mikono yake chini ya shuka polepole, akaiweka kifuani, viganja juu, vidole vimetandazwa kidogo. Muuguzi alikuja akasema muda umekwisha, akaanza kulivuta dirisha. Nilisimama juu ya lile tofali hadi kioo kikafunga, na mikono yake ilikuwa bado iko tayari.